Acha

Ghorofa ya pili, Mwanga, nyuma ya soko,
saa nne na dakika sijui ngapi.
Ndoo ya zege ilikuwa njiani kwenda juu
na kamba ilikuwa mikononi mwangu.

Nianze na kamba.
Ya katani, imeshafunga boti Kibirizi miaka yake yote
kabla haijaletwa kustaafu kwetu.
Kapi tulilipaka mawese lisilie,
maana fundi Ruhwanya hapendi kelele akipiga hesabu.
Kapi likilia, walau unajua liko macho.

Juu alikuwapo Byamungu, wa ng'ambo ya ziwa.
Chini mimi. Katikati ndoo.
Chini ya ndoo, Ndabaniwe wa Kasulu
anakoroga mchanga na saruji, anajisimulia jambo kwa Kiha
na kulicheka mwenyewe.
Kofia ngumu tulikuwa nazo tatu kwa watu kumi na mmoja,
zimetundikwa stoo, zinamsubiri mkaguzi.

Byamungu akaona ukingo wa ndoo umenasa kwenye ubao.
Upepo unatoka ziwani, unakula nusu ya kila neno,
lakini hili lilifika zima:
Acha!

Wewe unayesoma umekaa, hebu niambie,
acha ni kufanya nini?
Mama akimwambia mtoto acha, mtoto hutulia.
Mwenye michikichi akimkuta mwizi: acha!
na mkungu uko chini.
Byamungu alitaka nisimame.
Mimi nikaacha.
Vyote viwili ni Kiswahili fasaha.

Ndoo haikuuliza.

Zege bichi likianguka halina mshindo wa zege,
lina sauti ya uji uliomwagika jikoni,
halafu ndiyo unamsikia mtu.
Bega la kushoto. Kichwa kilikoswa kwa upana wa kiganja
kwa kuwa alikuwa ameinamia chepe.
Tulimbeba juu ya ubao wa shata hadi Maweni,
na njia nzima nilikuwa bado nimefumbua vidole.

Kesho yake akaja mhandisi wa manispaa,
Nyamwiza Gwimo, mdogo kuliko binti yangu wa pili,
viatu vimeshalamba tope la saiti nyingine.
Alikuwa na kitabu cha kanuni. Akasoma:
kizuizi cha ukingoni, hakuna;
kamba kukaguliwa kila wiki, na nani?
mtu kusimama chini ya mzigo, marufuku.
Kofia zile tatu akazitazama bila kuzishika.
Kila alichosoma, tuliitikia kwa kidevu.

Kisha akafunga kitabu.
"Mlisemeshanaje?"
Hilo hakuna aliyekuwa ametuuliza,
si mwenye nyumba, si daktari.
Tukamwambia neno.
Akanyamaza, akakipigapiga kile kitabu kama mgongo wa mtoto.
"Humu halimo. Lakini sifungui saiti
mpaka nione mmeliondoa midomoni."

Basi tukaandika kwa mkaa kwenye mfuko wa saruji uliopasuliwa:
VUTA. SIMAMA. SHUSHA.
Na ngumi juu kwa maana ya simama,
kwa sababu Kiswahili cha Byamungu, cha Ndabaniwe na changu
wanaamkiana barabarani
lakini hawalali nyumba moja.

Atakayesema acha, shilingi mia tano, ya chai.
Kufikia Ijumaa tulishakunywa chai mara tatu,
mbili za fedha yangu:
acha utani,
na acha nikajisaidie kwanza.

Kofia sasa ni kumi na moja. Kamba ni mpya, inanuka duka.
Kapi tumeliacha likavu, linalia kutwa,
na Ruhwanya anakosea hesabu, anarudia.

Jana Ndabaniwe kaja kutuona, mkono umening'inizwa shingoni kwa kanga.
Akakaa juu ya tofali, mbali na kamba.
Mimi nikajifanya natafuta koleo.
"Mke wangu," akasema, "ananiambia acha kazi hiyo.
Sasa sijui anataka nisimame kidogo
au nifungue vidole."

Tukamdai mia tano.
Akalipa, kwa mkono wa kulia.